Mikebe Miwili ya Kadutu

Baba mkubwa aliyenifundisha ufundi alikuwa na mikebe miwili ya maziwa ya unga iliyojaa buloni, ndivyo tunavyoziita bolti huku kwetu Bukavu. Mkebe wa kushoto ulikuwa wa inchi, wa kulia wa milimita. Mwaka 1983, nilipoanza kulala chini ya magari pale Kadutu, kosa la kwanza lililonipatia kofi lilikuwa kutupa buloni ya inchi katika mkebe wa milimita. Sikuielewa hasira yake wakati ule. Baadaye nilitambua kwamba mikebe ile ilikuwa imeiweka historia ya barabara za Kivu vizuri kuliko kitabu chochote nilichopewa shuleni.

Inchi zililetwa na Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Bukavu ikiitwa bado Costermansville. Huku lilitumiwa na mapadri wa misheni na wenye mashamba, na baba mkubwa aliyakuta yale yaliyobaki baada ya uhuru, yamechakaa lakini yanatembea. Chini yake kila nati ilidai spana ya sehemu za inchi. Chukua ile ya 9/16. Kwa milimita ni 14 na ushee, hivyo spana ya 14 haiingii, na ya 15 inaingia ikilegea. Ukilazimisha, inazila pembe za nati mpaka inabaki duara, na hapo kilichobaki ni patasi na nyundo, umelala chali, kutu ikikuangukia machoni.

Milimita zilikuja na Toyota. Wajapani walitengeneza jipu lao mwaka 1951, wakalipa jina la Land Cruiser mwaka 1954, na huku kwetu ndilo lililochukua nafasi ya Land Rover. Mafundi wengi walifurahi wakidhani sasa hesabu zimekuwa nyepesi. Kumbe kulikuwa na mtego. Buloni ya 12 ya Toyota mara nyingi ina meno yaliyosongamana, milimita 1.25 toka jino hadi jino. Buloni ya 12 ya malori ya Ulaya kwa kawaida ina 1.75. Kwa macho ni pacha. Ukiizungusha kwa vidole, mzunguko wa kwanza inakubali, pengine na wa pili, kisha inagoma. Kijana mwenye haraka huchukua bomba refu, analivika kwenye spana na kusukuma. Amekwisha kuiua nati iliyochomelewa ndani ya shasi, na ile haibadilishwi bila kukata chuma.

Baba mkubwa alikuwa anazishika buloni mbili ubavu kwa ubavu mbele ya mwanga wa dirisha. Meno yakilalana kama machanuo mawili yaliyofumana, ni ndugu. Ukiona mwanga unapenya katikati, ni wageni kwa wageni. Hakuwa na kipimo kingine, na sikumbuki akikosea.

Ili ujue kwa nini vyuma vya chini vinakufa haraka hapa, shuka kwenda Uvira kwa njia ya Ngomo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika, ulipo Uvira, mita 770 hivi. Tofauti yote hiyo gari linaishuka kwa kona na mawe, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua inaligeuza vumbi jekundu kuwa uji. Uji huo hupenya kati ya bushi na buloni, unakauka, kisha unasaga kama msasa. Wenye karatasi za kuvuka mpaka hupita Rwanda kwenye lami na kurudi Kongo pale Kamanyola. Wengine wanapita Ngomo.

Zinazoumia zaidi ni zile buloni zenye umbo la herufi U, zinazoufunga mhimili wa magurudumu kwenye resori. Land Cruiser ya miaka ya tisini, ile ya 75, ina nane, na nati zake ni 16. Zikilegea, bapa za resori huteleza, buloni nyembamba ya katikati inakatika, na mhimili unasogea nyuma. Gari hapo linaenda upande upande.

Duka letu la vipuri lilikuwa limekauka tangu Mobutu alipotangaza, tarehe 30 Novemba 1973, kwamba biashara za wageni zikabidhiwe raia. Kwa hiyo tulikunja U kwa nondo ya ujenzi, tukaichonga meno kwa mkono. Buloni yenye alama ya 8.8 kichwani huvumilia kilo 80 hivi kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Nondo laini, kama nusu yake. Tulijua. Watu waliotuita wabahatishaji hawakuwahi kutuuliza tungeinunua wapi nyingine. Mwaka 1989 nilifunga nne za namna hiyo, nikamruhusu dereva aondoke bila kumwambia arudi kesho yake nikaze upya, kwa maana chuma kipya hutulia na kulegea baada ya safari ya kwanza. Alirudi siku ya tatu kwa miguu. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo hakuna gari linalotoka kwangu bila tarehe ya kukazwa tena, imeandikwa kwa chaki kwenye dashibodi.

Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walipofurika, Land Cruiser nyeupe za mashirika ya misaada ziliwafuata. Ndipo nilipoona mara ya kwanza nati yenye pete ya nailoni ikitumiwa mara moja na kutupwa. Tuliziokota. Kisha vita vya Oktoba 1996 vikachukua magari, na vya 1998 vikachukua yaliyobaki.

Baada ya hapo vipuri vilikuja kutoka Dubai, na alama ya 8.8 ikawa inapigwa hata kwenye chuma laini. Nilijifunza kupima kwa tupa: ikiuma upesi kama inakwangua shaba, naiweka kando. Mji ulipochukuliwa na waasi wa M23, Februari 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa na benki zikafunga milango; vipuri vikawa shida, basi mikebe ikarudi mezani.

Sasa iko mitatu. Wa tatu ni wa meno mapana ya malori, na aliyeuanzisha ni binti wa dada yangu, anayejifunza kazi kwangu. Asubuhi hukaa dirishani akizishika buloni mbili mbili kwenye mwanga, anafumba jicho moja, na hasemi neno mpaka mwanga upotee katikati yake.