Uhesabuji wa vifaa vya upasuaji

Uhesabuji wa vifaa vya upasuaji ni utaratibu wa kuhakikisha kuwa gozi, sindano au mkasi hausahauliki mwilini mwa mgonjwa. Kwa wakazi wa Mirongo na mitaa mingine ya jiji la Mwanza, operesheni kubwa hufanyika hasa katika Hospitali ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, na katika hospitali ya mkoa ya Sekou Toure.

Utaratibu

Wauguzi wawili huhesabu pamoja, kwa sauti: yule anayempa daktari vifaa na mwenzake anayehudumu pembeni, ambaye huandika ubaoni. Huhesabu kabla ya kisu kugusa ngozi, kabla ya kufunga mfuko wa uzazi ikiwa umepasuliwa, kabla ya kufunga tumbo, na tena ngozi inaposhonwa. Gozi za tumboni huja kwa mafungu, mara nyingi ya tano tano, zikiwa na uzi unaoonekana kwenye eksirei, na hairuhusiwi kuzikata. Zilizotumika hutandazwa mahali pa wazi, kwa sababu gozi iliyolowa damu hufanana mno na nyama inayoizunguka. Hesabu ikipungua, kushona husimama. Tumbo hupekuliwa upya, kisha mashuka, ndoo na sakafu, na kisipopatikana kitu mgonjwa hupigwa eksirei. Muuguzi asiyethubutu kumwambia bingwa "bado moja" huufanya utaratibu wote kuwa bure.

Kinachosahaulika huleta usaha, huziba utumbo, na wakati mwingine hugunduliwa baada ya miaka.

Sababu

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003, uliochunguza wagonjwa 54 waliosahauliwa vitu mwilini, ulionyesha kuwa hatari huongezeka mara 9 katika upasuaji wa dharura na mara 4 mpango wa operesheni unapobadilika ghafla. Zaidi ya theluthi mbili ya vitu vilivyosahaulika vilikuwa gozi. Jambo zito zaidi ni kwamba pale hesabu ilipofanyika, karibu mara 9 kati ya 10 iliaminika kuwa imetimia.

Orodha ya WHO

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya upasuaji salama yenye vipengele 19. Hesabu ya gozi, sindano na vifaa huthibitishwa katika hatua ya tatu, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Tanzania ilikuwamo tangu mwanzo: hospitali ya Ifakara, Morogoro, ilikuwa miongoni mwa 8 zilizoijaribu, pamoja na za London, Toronto na Manila. Matokeo ya jumla, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Kanda ya Ziwa

Mpango wa Safe Surgery 2020 ulifundisha timu za upasuaji katika hospitali na vituo vya afya vya kanda hii matumizi ya orodha hiyo. Mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi ulikuwa wa 2018 hadi 2025.