Tezi Ndogo Chini ya Ubongo

Chini ya ubongo wa mwanadamu, katika kishimo cha mfupa, imo tezi isiyozidi punje ya njegere kwa ukubwa. Jina lake ni pituitari. Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende, na habari ya tezi hii yathibitisha maneno yao. Homoni ya ukuaji itokayo humo hurefusha mifupa ya mtoto, walakini kazi yake haiishii hapo. Inayo pia amri juu ya mafuta na sukari ya mwili. Na tuone jinsi jambo hilo lilivyogunduliwa.

Mwaka 1921, mjini Toronto, Kanada, Banting na Best walifaulu kupata insulini kutoka katika kongosho. Wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakingoja kufa wakarudishiwa uhai. Wengi wakadhani kwamba siri yote ya kisukari imo katika kongosho. Bernardo Houssay, profesa wa Buenos Aires nchini Argentina, hakutosheka. Aliona kwamba mbwa aliyeondolewa pituitari hulemewa na insulini kidogo tu, ambayo mbwa mwenye tezi hiyo huistahimili. Akajiuliza: ikiwa insulini hupata nguvu tezi hii isipokuwapo, je, si tezi yenyewe inayoipinga?

Alitafuta jibu kwa majaribio. Mnyama akiondolewa kongosho hupata kisukari kikali. Lakini Houssay na mwenziwe Biasotti walionyesha, kufikia mwaka 1930, kwamba akiondolewa na pituitari pia, ugonjwa hupungua sana. Mwaka 1937 Mwingereza F. G. Young alileta ushahidi wa upande wa pili. Aliwadunga mbwa wazima maji yaliyotolewa katika tezi hiyo kila siku, nao wakapata kisukari cha kudumu.

Mwaka 1943 Houssay alifukuzwa chuoni na serikali ya kijeshi, kwa kuwa alitia sahihi tangazo la kudai utawala wa kidemokrasia. Hakuziacha kazi zake. Mwaka 1944 alianza tena katika taasisi iliyotegemea fedha za watu binafsi, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Carl na Gerty Cori.

Lakini homoni ya ukuaji huipingaje insulini? Mwaka 1959, huko Boston, Raben na Hollenberg walionyesha kwamba huyafungua mafuta yaliyowekwa akiba mwilini, yakaingia katika damu. Mwaka 1963 Philip Randle na wenzake wa Cambridge wakaeleza kwamba misuli inapochoma mafuta hupunguza kuchoma sukari. Mfikirie mama aliyeletewa mizigo ya kuni mlangoni: ana haja gani ya kwenda kununua makaa? Makaa hubaki sokoni. Ndivyo sukari inavyobaki katika damu, na kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi. Hiyo ni sababu moja kubwa.

Elimu hii ina faida kwa wagonjwa. Mwaka 1958 Raben alitangaza kwamba kijana aliyedumaa alirefuka kwa kudungwa homoni iliyotolewa katika tezi za maiti. Mwaka 1985 dawa ya namna hiyo ilisimamishwa Marekani, baada ya baadhi ya waliodungwa kufa kwa ugonjwa wa ubongo uliotoka katika tezi hizo. Mwaka huo huo ikaruhusiwa homoni iliyotengenezwa kwa bakteria. Mwaka 1989 madaktari wa London walieleza habari za watu wazima waliopungukiwa na homoni hiyo: walipotibiwa kwa miezi sita, mafuta yao yalipungua zaidi ya kilo 5 kwa wastani, na misuli ikaongezeka.

Hata hivyo, Houssay alikuwa ametuonya mapema. Mkono ule unaoyeyusha mafuta ndio uzuiao insulini. Kwa hiyo tabibu hupima sukari ya mgonjwa anayetumia homoni hii, na mtu asiye mgonjwa akijidunga ili apate mwili mzuri hujitafutia hatari asiyoiona. Wewe msomaji, ukisikia dawa ikisifiwa, uliza kama Houssay alivyouliza: na upande wake wa pili ni upi?