Milinganyo ilivyotatuliwa kabla ya x

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza mjini Songea akipewa mlinganyo 3x + 4 = 22, mara nyingi hukimbilia kanuni aliyoikariri: hamishia upande wa pili, badilisha alama. Kwenye 4 kanuni inamfikisha salama. Ikibaki 3x = 18, wengi huandika x = 18 − 3, maana 3 nayo wameihamisha na kuibadilisha alama. Siwezi kuuita huo uzembe. Wametii walichoambiwa, hawakupewa sababu yake, na sababu hiyo imo ndani ya historia ya aljebra.

Kwa zaidi ya miaka 3,000 watu walitatua milinganyo bila x. Katika mafunjo aliyoyanakili Ahmes huko Misri, yapata mwaka 1650 KK, ambayo sasa yako British Museum, London, linaulizwa swali la kiasi ambacho kikiongezewa sehemu yake ya saba kinakuwa 19. Huko Baghdad, yapata mwaka 820, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha aljebra kwa maneno matupu, hata namba akazitaja kwa maneno. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za mirathi, zile zile ambazo masheikh wetu wanazipiga mpaka leo. Hatua zake kuu ni mbili: kilichopungua upande mmoja kinajazwa pande zote mbili, na kilichopo pande zote mbili kinaondolewa kote kwa kiasi kimoja. Hakuna kinachohama. Alama ya sawasawa ililetwa na Robert Recorde mwaka 1557, na x ikaenea baada ya René Descartes, mwaka 1637.

Songea iko Ruvuma, mkoa wa mahindi, basi tuulize hivi: magunia matatu yaliyojazwa sawa, pamoja na debe 4, ni debe 22; gunia moja lina debe ngapi? Ondoa debe 4, zinabaki 18 ndani ya magunia matatu, kila moja debe 6. Hapa hakuna mtoto atakayetoa 3 kwenye 18.

Wapo watakaosema muda hautoshi na mtihani ni wa Kiingereza. Ni kweli, na alama lazima zifundishwe, kwani bila hizo hesabu ndefu hazibebeki. Lakini mtoto huyu alifundishwa hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi, na vipindi viwili vya kulisema swali kwa maneno kabla ya kuandika x ni vichache kuliko vinavyotumika kusahihisha kosa lile lile hadi kidato cha nne.