Risasi ya Madini na Risasi ya Bastola: Miaka Mia ya Kutafuta Shabaha

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa vitu viwili: lile dini zito la kijivu, na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Hatukukosa maneno. Tulilichukua neno kutoka Kiarabu na Waarabu nao hulitumia hivyo hivyo, kwa sababu kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja. Ulichukua risasi, ukaiyeyusha, ukaisubu kwenye kalibu, ukapata risasi. Na kwa taarifa yako, neno "calibre" la Wazungu wengi wa lugha huliunganisha na "qalib" la Kiarabu, ndugu wa kalibu yetu. Kwa hiyo msomaji usione mada hii ni ya mbali sana.

Leo nataka kusimulia jinsi watu, hasa Wamarekani, walivyohangaika kwa zaidi ya miaka mia kutafuta mchanganyiko unaopiga mahali pamoja katika rivolva, yaani bastola yenye silinda ya kuzunguka. Hapa Kenya sheria ya silaha ni kali na mimi sina bastola wala sina mpango wa kuitafuta. Lakini nikisoma historia hii naona kazi yangu ya kila siku: kutafuta mdudu kwenye mfumo wenye sehemu nyingi, huku kila mtu akiwa na uhakika kwamba kosa liko mahali fulani, na halipo hapo.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Mtu anayejaza mwenyewe nyumbani hununua fataki na baruti, hutumia ganda lililokwisha kupigwa, na kichwa hukisubu kwa madini ya risasi. Kuanzia hapa nikisema risasi namaanisha madini, na nikisema kichwa namaanisha kile kinachoruka.

Mwaka 1873 jeshi la Marekani lilichukua bastola ya Colt ya inchi 0.45. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa greni 255, kama gramu 16.5, tena cha risasi laini. Baruti ilikuwa ile nyeusi ya kizamani, yenye moshi mwingi. Mambo yalikwenda vizuri kuliko mtu angetarajia, na sababu yake ndiyo ufunguo wa hadithi nzima. Baruti nyeusi ilipolipuka ilikipiga kichwa kitakoni kwa ghafla, na kwa kuwa risasi ile ilikuwa laini, kichwa kilitanuka kidogo na kuziba mtutu wote. Kama kilikuwa chembamba kuliko inavyotakiwa, kilijirekebisha chenyewe. Mfumo ulikuwa unasamehe makosa.

Kisha ikaja baruti isiyo na moshi. Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884, na katika miaka iliyofuata ikasambaa kila mahali. Iliwapa watu kasi kubwa zaidi, na pamoja na kasi ukaja ugonjwa: utandu wa risasi. Baada ya kupiga mara chache, mtutu ulikuwa umepakwa madini ndani kama sufuria iliyoungua ugali, na matundu kwenye shabaha yakatawanyika. Watu wakatazama utandu ule wakasema: risasi ni laini mno, inakwanguliwa na mifereji ya mtutu, tuifanye ngumu. Nani angewalaumu? Maelezo yale yanaingia akilini moja kwa moja.

Kabla ya kwenda huko, kuna daktari mmoja anayestahili heshima. Franklin Mann wa Milford, Massachusetts, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuuliza kwa nini vichwa viwili vinavyofanana haviendi mahali pamoja. Mwaka 1909 alitoa kitabu, "The Bullet's Flight from Powder to Target". Alijenga kitako cha zege cha kushikilia mtutu ili mkono wa binadamu usiingie kwenye hesabu. Kisha akaanza kuharibu vichwa makusudi, kimoja kimoja. Alipoharibu ncha, shabaha haikuyumba sana. Alipoharibu kitako, shabaha ikaharibika vibaya. Hebu fikiria: kila mtu anatazama ncha kwa sababu ndiyo inayotangulia, kumbe kinachoamua ni kule nyuma, mahali pa mwisho panapoagana na mtutu huku gesi ikisukuma. Badilisha kitu kimoja, acha vingine, pima. Mann alikuwa mhandisi kuliko wengi wenye cheti cha uhandisi.

Upande wa rivolva jina kubwa ni Elmer Keith, aliyezaliwa 1899 na kufariki 1984, mchunga ng'ombe na mwandishi wa Idaho aliyevaa kofia pana kuliko mabega yake. Katikati ya miaka ya 1920, tarehe 4 Julai, siku Wamarekani wanayosherehekea uhuru wao, alikuwa akipiga hewani kwa Colt ya zamani ya 0.45 aliyoijaza vichwa vizito vya bunduki. Silinda ikapasuka juu. Alinusurika, na akatoka na swali zuri: chemba za 0.45 zina kuta nyembamba, je, kwenye bastola ya 0.44, ambayo kuta zake ni nene zaidi, mtu anaweza kufika wapi?

Alihamia kwenye 0.44 Special. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichora kichwa chake mwenyewe, chenye ncha bapa, bega kali, kijito kipana cha grisi na kitako cha mraba. Kampuni ya Lyman ilitengeneza kalibu yake kwa namba 429421. Lengo lake lilikuwa greni 250 kwa kasi ya futi 1,200 kwa sekunde. Vipimo vya baruti alivyotumia sitaviandika hapa: vilikuwa vya maganda na baruti ya zama zake, na kuvinakili leo ni njia ya haraka ya kupoteza vidole.

Mwaka 1935 Smith & Wesson walitoa 0.357 Magnum. Vichwa vya kiwandani vilikuwa vya risasi, na wanunuzi wakalalamika kuhusu utandu. Mwishoni mwa 1955 ikaja 0.44 Magnum, tunda la kelele za Keith za karibu miaka thelathini. Naye alipoipata akalalamika tena: vichwa vya kiwandani ni laini mno, vinachafua mtutu. Vyake mwenyewe alivichanganya fungu moja la bati kwa mafungu 16 ya risasi. (Bati hapa ni lile dini lenyewe, siyo mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki.)

Sasa ugumu unapimwaje? Msweden Johan August Brinell alionyesha njia yake mwaka 1900: unakandamiza gololi ya chuma juu ya kitu, kisha unapima kishimo. Risasi tupu hupata kama 5. Mchanganyiko wa Keith ni kama 11. Yaani yule mtu ambaye wasomaji wake walimfanya mtakatifu wa "vichwa vigumu" alikuwa akitumia kitu cha ugumu wa kati tu.

Ugumu wa kweli ulitoka kwenye magazeti. Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia mashine ya Ottmar Mergenthaler, Linotype, iliyosubu mstari mzima wa herufi kwa mkupuo mmoja. Madini yake yalikuwa karibu asilimia 84 risasi, 12 antimoni na 4 bati. Mchanganyiko huo una tabia ya ajabu: huyeyuka karibu nyuzi 240, wakati risasi tupu inataka 327, na hauna kipindi cha kuwa uji. Ni maji, halafu ghafla ni kitu kigumu. Antimoni nayo huupunguzia kusinyaa, kwa hiyo herufi inatoka na kingo zake zote. Ugumu wake kwa Brinell ni kama 22. Kwa msubu vichwa hii ilikuwa zawadi: kalibu inajaa vizuri, vichwa vinang'aa, na ukigonga kimoja mezani kinalia kama kengele. Kila mji wa Marekani uliokuwa na gazeti ulikuwa na madini haya.

Kisha sisi watu wa kompyuta tukaingia. Mwezi Julai 1978 New York Times walipanga gazeti kwa Linotype kwa mara ya mwisho, na asubuhi yake kompyuta zikachukua kazi. Magazeti mengine yalikuwa yamekwisha kubadilika au yalifuata. Tani kwa tani za madini ya herufi zikawa chakavu, na sehemu yake ikaishia kwenye kalibu za watu wa bastola. Nafikiri hapo ndipo imani ya "ngumu zaidi ni bora zaidi" ilipopata nguvu, kwa kuwa kitu kigumu kilikuwa tele na bei yake ilikuwa ndogo. Baadaye wafanyabiashara wa vichwa nao wakapenda ugumu kwa sababu yao wenyewe: kichwa kigumu hakibonyei kwenye sanduku kikisafirishwa.

Na utandu? Ulikuwepo bado! Mara nyingine ulizidi.

Hapa nirudi kwa kile kichwa laini cha 1873 kilichotanuka na kuziba mtutu. Kuna kanuni wajazaji wanayoipenda: zidisha namba ya Brinell kwa 1,422 upate shinikizo, kwa pauni kwa inchi ya mraba, linaloanza kukitanua kichwa. Ukiichunguza, hiyo 1,422 siyo siri yoyote, ni kubadilisha kilo kwa milimita ya mraba kuwa pauni kwa inchi ya mraba. Usiichukue kama sheria, ila kama dira inatosha. Linotype: 22 mara 1,422 ni zaidi ya 31,000. Shinikizo la juu linaloruhusiwa na SAAMI, taasisi ya viwango vya risasi ya Marekani, kwa 0.45 Colt ni 14,000. Hata nusu hujafika! Kichwa kile hakitatanuka. Kama ni chembamba kuliko mtutu, gesi ya moto inapenya ubavuni, inakata na kuyeyusha kingo zake, na kuupaka mtutu. Mtu anaona utandu, anasema "bado ni laini", anaongeza antimoni. Anatibu malaria kwa dawa ya minyoo, na kila asipopona anaongeza kipimo.

Kumbe swali la kwanza lilikuwa la vipimo: je, kichwa kinaenea? Kwenye rivolva swali hili ni gumu kuliko kwenye bunduki, kwa sababu kichwa hupita sehemu tatu. Kinatoka kwenye ganda, kinapita koo la chemba mbele ya silinda, kinaruka mwanya mdogo, ndipo kinaingia mtutuni. Koo likiwa jembamba kuliko mtutu, kichwa kinaminywa kabla ya kufika na hakitauziba tena. Likiwa pana mno, kichwa kinayumba na gesi inapita. Mfano maarufu ni Colt yenyewe: kabla ya Vita Kuu ya Pili mtutu wa 0.45 ulipimwa inchi 0.454 kwenye mifereji, baada ya vita 0.451, lakini makoo ya chemba mengi yalibaki hadi 0.456. Mtu aliyenunua vichwa vya 0.452 kwa sababu kitabu kinasema hivyo, akavipitisha kwenye koo la 0.456, angeweza kubadilisha baruti mpaka uzee umkute.

Tena chemba ni sita. Kwa watu wa seva: una mashine sita nyuma ya mlango mmoja, moja ina hitilafu, wewe unatazama wastani wa zote na kulaumu programu. Dawa ni kuweka alama kwenye kila chemba, kupiga shabaha tofauti kwa kila moja, na kutazama kama kuna inayotupa pembeni peke yake. Kazi ya jioni moja.

Wengi hawakufanya hivyo, walikwenda kwenye "kujaribu". Chukua mambo sita tu: aina ya baruti, kiasi, fataki, mchanganyiko wa madini, grisi, kina cha kichwa ndani ya ganda. Kila moja lipe chaguo tano. Umepata michanganyiko 15,625, na kwa risasi sita kila mmoja ni risasi 93,750. Mtutu utakwisha kabla yako. Ubaya zaidi ni kwamba risasi tano au sita hazitoshi kuhukumu. Andika programu fupi, mistari ishirini ya PHP inatosha: tupa matundu matano kwa bahati nasibu kutoka mtawanyiko ule ule, pima umbali wa yale mawili yaliyo mbali zaidi, rudia mara kumi. Kwa kawaida kundi kubwa litakuwa zaidi ya mara mbili ya kundi dogo, na hakuna kilichobadilika! Mjazaji akipata lile dogo anaandika kwenye daftari "hii ndiyo", akipata lile kubwa analitupa, na magazeti ya bastola yamejaa madaftari kama hayo.

Risasi iliyoyeyuka ni sumu, hata kabla haijawa silaha. Wakenya tulilijua hilo Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaumiza wakazi hadi kilipofungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikawapa haki mwaka 2024. Wajazaji makini nao hupima damu yao, wanasubu nje penye upepo, na wananawa mikono kabla ya kugusa chakula.

Kalibu namba 429421 ya Lyman bado ipo dukani, karibu karne moja tangu Keith aichore. Wasubu makini wa siku hizi huanza na vijiti vya kupimia makoo yote sita, kisha wanatengeneza kichwa kinachopita kwa kusukumwa na kidole, kikigusa kidogo pande zote, na ugumu wa 11 au 12 unawatosha kwa mengi. Baruti wanaichagua mwisho, na aghalabu mbili au tatu za kujaribu zinatosha.