Habari za Wazee wa Keya na Kazi Walizozifanya Baada ya Vita



Ni desturi ya ripoti hii kuanza na hesabu ya fedha, kisha misiba, kisha karo za watoto. Mwaka huu kamati imeona vema kutanguliza kurasa chache za historia. Sababu yake ni hii: katika mazishi ya wazee wa Kiuu na jirani zake tumesikia mara nyingi neno moja likitamkwa upesi na kupitwa, kwamba marehemu alikuwa Keya. Basi. Halisemwi alikwenda wapi, wala alijifunza nini huko, wala alirudi akafanya kazi gani kwa ajili ya watu. Nasi twaona hilo la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi, kwa kuwa chama cha kusaidiana kama hiki chetu kimejengwa kwa mazoea ambayo wengi wa wazee hao walirudi nayo.

Kwa faida ya vijana, Keya ni jina ambalo watu wetu waliipa King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902. Katika Vita Kuu ya Pili Kenya peke yake ilitoa watu karibu laki moja. Walipigana na Wataliani katika Uhabeshi mpaka Gondar ilipoanguka Novemba 1941. Mwaka 1942 wakapelekwa Bukini. Na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikashuka bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua na matope na homa, hata ikavuka mto Chindwin mwezi wa Desemba.

Walakini si wote walioshika bunduki. Wengi waliendesha magari, wengine wakatengeneza madaraja, wakafunga majeruhi, wakapika, wakapeleka habari kwa simu, wakaandika katika madaftari ya stoo kila kilichoingia na kilichotoka. Mtu aliyeondoka kijijini hajui kusoma alirudi akiweza kuandika barua yake mwenyewe. Alikuwa amelala hema moja na Mkamba na Mjaluo na Mnyasa, wakasemezana kwa Kiswahili cha kambini, ambacho wataalamu wa lugha hukicheka lakini kilitosha kuokoa maisha ya watu. Zaidi ya hayo, alikuwa amemwona Mzungu akiogopa, na jambo hilo halisahauliki.

Sasa na tuseme jinsi walivyopokewa. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mashamba ya nchi hii yaligawiwa askari Wazungu kwa bahati nasibu mjini Nairobi. Baada ya vita vya pili mpango wa kuwapatia Wazungu mashamba ukafanywa tena. Mwafrika aliyevaa sare ile ile hakupewa shamba. Aliambiwa arudi kwao. Hata kiinua mgongo kilipimwa kwa rangi ya ngozi. Mwaka 2019 hati ya zamani ya serikali ya Uingereza ilitangazwa, nayo ilionyesha kwamba askari Mzungu alilipwa hadi mara tatu ya kile alicholipwa Mwafrika wa cheo kama chake. Wazee walikuwa wakilisema jambo hili miaka yote. Walionekana wazee wanung'unikao, kumbe walikuwa wakisoma hesabu sawasawa.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanywa. Katika Jeanes School ya Kabete yalifundishwa mafunzo kwa askari waliorudi, na hapa jirani yetu, Thika, shule ya ufundi ilianzishwa mwaka 1949, nao wakafundishwa useremala na uashi. Lakini walioachishwa jeshi walikuwa wengi mno, na nafasi zilikuwa chache.

Basi wengi wakashika biashara. Walinunua malori, wakafungua maduka na hoteli za chai, wakasimamisha mashine za kusaga unga, wakachanga fedha zao za jeshi kuanzisha kampuni. Nyingi katika kampuni hizo zilikufa kabla ya miaka michache kupita. Leseni ilikuwa ngumu kupatikana, na malori mengi yalikuwa yamekwisha kuchoka. Lakini tusifichane: makosa mengine yalikuwa yetu. Watu ishirini waliomiliki lori moja, kila mmoja akitaka faida yake mwisho wa mwezi na hakuna aliyeweka akiba ya magurudumu, hawakuhitaji adui wa nje. Mweka hazina wetu atafurahi kuona tumeliandika jambo hili.

Kushindwa huko kwa biashara kuliwasukuma wengine katika siasa. Bildad Kaggia alikuwa karani katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Fort Hall, kabla ya kuingia jeshini. Alifika Mashariki ya Kati na Uingereza, akarudi haridhiki na hali yoyote aliyoikuta, wala ya serikali wala ya kanisa. Alipanga makarani na wafanya kazi katika vyama vyao. Akafungwa pamoja na Mzee Kenyatta katika kesi ya Kapenguria, na mwaka 1963 watu wa Kandara, huko mbele ya Thika, wakamchagua Mbunge. Akawa Naibu Waziri wa Elimu. Lakini mwaka 1964 akatoka serikalini, kwa kuwa hakukubali kunyamaza juu ya watu wasio na ardhi. Wako wanachama wanaosema alikosa busara ya kungoja. Sisi twaona kwamba mtu aliyekwisha kungoja tangu 1945 hawezi kulaumiwa sana kwa kukosa subira.

Mwingine ni Waruhiu Itote wa Nyeri. Aliingia Keya mwaka 1942, akapigana Burma, akarudi akapata kazi katika Reli ya kuchochea moto wa gari moshi. Ujuzi alioupata katika misitu ya Burma aliuchukua mpaka msitu wa Mlima Kenya, akajulikana kama Jenerali China. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo. Huko Lokitaung alikaa pamoja na Mzee Kenyatta na wafungwa wenzake, akatoka mwaka 1962.

Hapa ndipo twawaomba msome polepole. Wakati Itote alipokuwa adui wa serikali, palikuwa na kijana Mzungu, mzaliwa wa Eldoret, jina lake Geoffrey Griffin, ambaye alikuwa afisa wa Keya katika vita vya Hali ya Hatari. Aliyoyaona yalimchukiza, akaacha jeshi, akafanya kazi na vijana waliowekwa kizuizini. Mwaka 1959 alianzisha Starehe, Nairobi, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa ajili ya watoto waliolala barabarani. Gikubu mwenyewe alikuwa ametoka kizuizini. Na mwaka 1964, Kenya huru ilipoanzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, Griffin akawa Mkurugenzi, na mmoja wa wakuu waliofanya kazi naye akawa Waruhiu Itote. Afisa wa Keya na Jenerali wa msituni wakakaa ofisi moja, wakipanga vijana wasio na kazi wafundishwe ufundi na kujenga barabara. Itote alifariki mwaka 1993, na Griffin mwaka 2005.

Twaikumbuka habari hii kwa sababu ya mambo yetu wenyewe. Hapa Kiuu, watu walitoka pande nyingi kununua viwanja katika nchi iliyokuwa mashamba ya kahawa na mkonge ya Wazungu. Katika benchi moja ya mkutano wetu aweza kukaa mwana wa askari wa Keya, na mwana wa mlinzi wa kijiji, na mwana wa mtu aliyekuwa msituni. Mchango wa msiba ni ule ule kwa wote watatu. Haikuwa rahisi kufika hapo, na wazee wanaojua hawapendi kulieleza.

Ng'ambo ya barabara kuu kutoka kwetu kuna ushahidi mwingine, wa mawe. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa kambi ya askari wa Kiingereza, Templer Barracks. Mwaka 1965 Waingereza waliikabidhi kwa serikali ya Kenya, ikageuzwa Chuo cha Kenyatta, mahali pa kusomesha wanafunzi wa sekondari na walimu. Mwaka 1985 ikawa Chuo Kikuu kamili. Watoto wetu wamesomea hapo. Na kambi ya Kahawa ingali na jeshi letu, ambalo wastaafu wake ni wanachama wetu. Tukitaka orodha ya vyombo vya mazishi ikaguliwe bila kukosa sufuria moja, twajua wa kumwita.

Lipo jambo moja limetusikitisha. Mjane wa mzee mmoja wa Burma alipeleka katika ofisi fulani, ambayo hatuitaji, cheti cha mumewe cha kuachishwa jeshi, akitafuta msaada uliosemwa kuwapo. Cheti kilipokewa, na mpaka leo hakijaonekana. Nambari ya jeshi ya marehemu ilikuwa katika karatasi hiyo tu, na hapakuwa na nakala.

Kwa hiyo kamati imeazimia kwamba kila familia yenye cheti, medali, picha au barua ya jeshi, ya vita vyovyote na ya upande wowote, imletee Katibu siku ya mkutano wa mwezi. Nakala itachukuliwa hapo hapo mbele ya mwenyewe, na asili atarudi nayo nyumbani siku ile ile. Wasiokuwa na karatasi na waje na mzee anayekumbuka, Katibu ataandika.