Ile b ya Georg Ohm

Wengi wetu tuliopitia fizikia ya sekondari tunaikumbuka ile pembetatu: V juu, I na R chini. Funika unachotafuta, kilichobaki ndicho jibu. Ni ujanja mzuri wa kupita mtihani. Lakini Georg Simon Ohm alipotangaza sheria yake mwaka 1826 hakuiandika hivyo, na alivyoiandika yeye inaeleza stima ya nyumba zetu vizuri kuliko pembetatu yoyote.

Fomula yake ilikuwa X = a/(b + x). X ni ukubwa wa mkondo unaopita. Herufi a ni msukumo wa chanzo cha umeme, kile ambacho leo tunakipima kwa volti. Herufi x ni urefu wa waya anaoujaribu, na kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo unavyokinza. Sasa b. Hiyo ni ukinzani wa kila kitu kingine kilichomo ndani ya saketi: chanzo chenyewe, maungio yake, vipande vya chuma vinavyokishikilia. Hukuuweka wewe, na pengine huuoni, lakini mkondo lazima uupitie kabla haujakufikia.

Ohm alizaliwa Erlangen, Ujerumani, mwaka 1789. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli aliyejisomea hesabu mwenyewe, kisha akawafunza wanawe. Georg aliingia chuo kikuu mwaka 1805, na baada ya mihula mitatu akatoka, kwa sababu mzee alichoshwa na kijana aliyependa dansi, biliadi na kuteleza kwenye barafu kuliko vitabu. Akaenda Uswisi kufundisha hesabu. (Mimi pia niliacha chuo, ila kwangu ilikuwa karo, wala si biliadi.) Baadaye alirudi, akapata udaktari mwaka 1811, na kuanzia 1817 akawa mwalimu wa sekondari mjini Cologne. Shule hiyo ilikuwa na maabara nzuri, na yeye alikuwa na mikono ya mtoto wa fundi. Vifaa vingi alijitengenezea.

Jaribio lake la kwanza, la 1825, lilimpa jibu potofu. Alitumia betri za wakati huo, na betri hizo zilikuwa zinachoka haraka. Yaani unaunganisha waya, unasoma kipimo, na kabla hujabadilisha waya msukumo umeshashuka. Utajuaje ni waya uliopunguza mkondo au ni betri iliyolegea? Alichapisha fomula yenye logarithimu ndani yake, na haikuwa sahihi. Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia lililokuwa likichapisha kazi zake, ndiye aliyemshauri aachane na betri na atumie ugunduzi wa Seebeck wa mwaka 1821: ukiunganisha metali mbili tofauti, ungio moja likawa moto na jingine baridi, mkondo unapita.

Ohm akachukua bismuthi na shaba. Ungio moja akaliweka kwenye joto la maji yanayochemka, jingine kwenye barafu. Maji yanachemka kwa joto lile lile asubuhi na jioni, na barafu inayoyeyuka nayo haibadiliki, kwa hivyo msukumo ukatulia. Kisha akachukua nyaya nane za shaba zenye unene mmoja, kuanzia inchi 2 hadi inchi 130, akaziunganisha moja baada ya nyingine. Mkondo aliupima kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa kwa utepe mwembamba: mkondo unaisukuma sindano, naye anausokota utepe hadi sindano irudi mahali pake. Kiasi cha kusokota ndicho kipimo. Volti, ampea na ohm kama vipimo rasmi vilikuja kukubaliwa Paris mwaka 1881, na wakati huo yeye alikuwa marehemu miaka 27.

Namba zake zilikataa kukaa sawa bila ile b. Waya wa inchi 4 haukupitisha nusu ya mkondo wa waya wa inchi 2. Ulipitisha pungufu kidogo tu. Lazima kulikuwa na urefu mwingine uliofichika ndani ya chombo, ambao kila waya aliuchangia. Mtu mwingine angeona ni kosa la kipimo akalisugua. Ohm aliupa herufi.

Kitabu chake cha 1827 kilijaa hesabu, na wanafizikia wengi wa Ujerumani hawakukifurahia. Aliacha kazi Cologne, akahangaika miaka kadhaa. Nishani ya Copley ya Royal Society ya London ilimfikia mwaka 1841. Uprofesa wa fizikia Munich aliupata 1852, akafa 1854.

Fomula yake hata hivyo ilitosha kwa njia moja tu. Waya ukigawanyika mara mbili, tatu, kisha matawi yaungane tena huku chanzo kingine kikiwa katikati, unafanyaje? Jibu lilitoka Königsberg mwaka 1845, kwa mwanafunzi wa miaka 21 aliyeitwa Gustav Kirchhoff. Aliliweka mwishoni mwa makala kuhusu umeme unaopita kwenye bamba la duara, kama nyongeza hivi. La kwanza: kwenye kila ungio, mkondo unaoingia ni sawa na unaotoka. Ni hesabu ya chama, bana. Pesa iliyoingia lazima ionekane ilikotokea. La pili: ukizunguka njia yoyote hadi ulipoanzia, misukumo yote uliyokutana nayo inalingana na volteji zote zilizotumika kwenye ukinzani wa njia hiyo.

Kwa sheria hizo mbili unaweza kuchambua saketi yoyote ya nyaya na betri, ukiwa na karatasi za kutosha. Mtandao wa matawi kumi utakupa milinganyo kumi. Na hapa ndipo b inarudi. Mwaka 1853 Hermann Helmholtz, daktari aliyekuwa akifundisha fiziolojia huko huko Königsberg, alikuwa anachunguza umeme wa misuli. Huwezi kuufungua msuli ulio hai ukahesabu kila chanzo kilicho ndani. Akathibitisha kwamba huhitaji. Ukiugusa mtandao wowote wa aina hiyo kwenye nukta mbili, utakachokiona kutoka nje ni a moja na b moja tu, hata ndani kuwe na vurugu gani. Mwaka 1883 Mfaransa Léon Charles Thévenin, mhandisi wa telegrafu, alifikia jambo hilo hilo kivyake, na jina lake ndilo lililobaki vitabuni. Helmholtz alikuwa na majina ya kutosha, sidhani angelalamika.

Chukua sasa ploti ya kawaida hapa Nairobi. Mita iko getini, na waya mmoja mrefu, mwembamba, umevutwa hadi vyumba vya nyuma. Tuseme getini kuna volti 240 kamili, na waya huo, kwenda na kurudi, una ohm 2. Hiyo ndiyo b. Mpangaji mmoja anatumbukiza hita ya wati 1500 kwenye ndoo. Ukinzani wa hita ni ohm 38.4, kwa hivyo mkondo ni 240 kugawanya kwa 40.4, karibu ampea 5.9. Kwenye waya zinapotea volti 12. Soketi inabaki na 228. Taa ya jirani inapepesa kidogo, hakuna anayeuliza.

Saa kumi na mbili asubuhi hita ni tatu. Zikiwa sambamba ukinzani wake wote unashuka hadi ohm 12.8, mkondo unafika ampea 16.2, na soketi zinabaki na volti 208. Watu wanasema stima ni kidogo leo. Pembetatu ya sekondari, ikianza na volti 240 kwenye soketi, haioni kitu hapa. Fundi mwenye mita ya kupimia anaona: anasoma volteji hita zikiwa zimezimwa, anawasha moja anayoijua, anasoma tena, na kutokana na zile volti 12 anaipata ohm 2 bila kupasua ukuta.

Kilichopotea kwenye soketi kimegeuka joto ndani ya waya. Kwa hita moja ni wati 71, zimesambaa kwenye urefu wote. Kwa tatu mkondo haujafika hata mara tatu, lakini joto linafuata mkondo mara mkondo: wati 525, kila asubuhi, juu ya silingi bodi, na nyingi kati yake hukusanyika pale waya ulipoungwa kwa kusokotwa mkono na kufungwa karatasi ya nailoni.