Bastola za Dhahabu: Nakshi Inapendeza, Lakini Inasema Nini?



Leo tunawaalika katika ziara ya jumba la makumbusho la Metropolitan, mjini New York, Marekani. Jumba hilo lina sehemu nzima ya silaha za kale, na humo zimehifadhiwa bastola zilizopambwa kwa dhahabu, fedha na pembe za ndovu. Asiye na nauli asihuzunike. Picha zake zimewekwa kwenye tovuti ya jumba hilo, na mtu yeyote anaweza kuzitazama bure pamoja na watoto wake.

Huenda mzazi akauliza: kwa nini bastola? Sisi wa nchi za Maziwa Makuu tunazijua silaha. Watoto wengi wa kwetu waliisikia sauti ya risasi kabla hawajajua kusoma. Tumeichagua mada hii kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wetu wanaona silaha zinazong'aa katika filamu na michezo ya simu, na wanazitamani. Ni vizuri wajue kwamba kuipamba silaha ni desturi ya zamani sana, na kwamba kila nakshi iliwekwa kwa makusudi fulani.

Bastola ya mfalme

Tuanze na bastola ya Charles V, mfalme mkuu wa Ulaya katika karne ya 16. Ilitengenezwa Munich, Ujerumani, kati ya miaka ya 1540 na 1545, na fundi aitwaye Peter Peck, ambaye pia alikuwa fundi saa. Ina mitutu miwili, na kila mtutu una mtambo wake. Ndani ya mtambo kuna gurudumu dogo la chuma linalokazwa kwa ufunguo, kama saa ya zamani. Ukivuta kifyatulio, gurudumu huzunguka, husuguana na jiwe, cheche huruka na baruti hushika moto.

Kabla ya hapo mpiga bunduki alitembea na utambi unaowaka mkononi, na kila mtu aliuona. Kwa mtambo wa gurudumu mtu aliweza kuificha silaha iliyojazwa ndani ya joho lake. Watawala waliogopa. Maximilian I, babu yake Charles, alijaribu kuipiga marufuku mwaka 1517. Mjukuu wake akatengenezewa ya kifahari!

Juu yake kuna tai mwenye vichwa viwili, alama ya ufalme wake, na nguzo mbili zenye maneno ya Kilatini yenye maana ya "mbele zaidi". Mfalme huyu ndiye aliyeiteka Tunis mwaka 1535, kisha akashindwa vibaya mbele ya Algiers mwaka 1541. Kwa hiyo lile neno "mbele zaidi" halikuwa pambo tupu. Watu wa Tunis waliiona maana yake mlangoni mwao.

Pembe za ndovu za malkia

Baadaye ukaja mtambo rahisi zaidi, wa jiwe la gumegume. Wazee wetu wanalijua jina hilo, kwani bunduki za gumegume zilifika hadi kwetu. Makumbusho haya yana bastola mbili za aina hiyo zilizotengenezwa St. Petersburg mwaka 1786 na fundi Johan Adolph Grecke kwa ajili ya Catherine, malkia wa Urusi. Vitako vyake ni vya pembe za ndovu, na zina herufi za jina la malkia. Alimpa zawadi Stanisław Poniatowski, kipenzi chake wa zamani, ambaye yeye mwenyewe alimsaidia kuwa mfalme wa Poland. Zawadi ya namna hiyo inamkumbusha anayepokea ni nani aliyemweka kitini.

Mafundi wa nchi za Kiislamu

Waislamu nao hawakuwa nyuma. Katika dola ya Uthmaniya, miji kama Prizren na Sarajevo ilikuwa na mafundi hodari wa bastola. Kazi iligawanywa: mmoja mtutu, mwingine mtambo, mwingine kitako, na sonara akamalizia kwa njumu za fedha. Algeria ilisifika kwa silaha zilizopambwa kwa marijani nyekundu.

Lipo na jambo la kuchekesha. Mitutu ya fundi wa Kiitalia aitwaye Lazarino Cominazzo ilisifika sana, basi mafundi wengine wakawa wanachora jina lake kwenye mitutu ambayo hakuigusa kamwe. Kumbe bidhaa bandia zenye jina kubwa hazikuanzia katika masoko yetu ya leo.

Muuzaji mmoja, maadui wawili

Sasa tufike kwenye bastola ambayo ndiyo kiini cha makala hii. Ni ya Samuel Colt, Mmarekani aliyepata hataza ya bastola ya silinda inayozunguka mwaka 1836. Ilitengenezwa karibu na mwaka 1853, na imetiwa njumu za dhahabu, pamoja na sura ya George Washington. Pacha wake alipewa Sultani Abdulmajid wa dola ya Uthmaniya, zawadi kutoka kwa Colt mwenyewe.

Vita vya Crimea vilikuwa vimeanza mwaka 1853, Waturuki wakipigana na Warusi. Mwaka 1854 Colt huyo huyo akaenda Urusi na kumzawadia Tsar Nicholas I bastola zilizopambwa vilevile. Maadui wawili, mfadhili mmoja! Colt alikuwa anatafuta wateja, na dhahabu ile ilikuwa chambo. Askari wa pande zote mbili, waliokufa kwa maelfu hadi vita vilipomalizika mwaka 1856, hawakupata hata kuziona bastola zile.

Zawadi za aina hii zilifika na Pwani yetu. Mwaka 1840 Seyyid Said bin Sultan alipeleka meli yake Sultana hadi New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Katika shehena zilikuwamo pembe za ndovu kutoka bara letu. Wamarekani nao walirudisha zawadi, zikiwamo silaha za Colt za kupiga mfululizo.

Tunajua yaliyofuata. Bunduki zikaingia bara, pembe zikatoka, na pamoja nazo wakatoka watumwa. Misafara ilipita Ujiji na Kasongo, na baadhi ya waliokuwamo walikuwa Waislamu wenzetu. Tusiwafiche watoto wetu jambo hilo. Dini imetufundisha kusema kweli, hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu.

Tunajifunza nini?

Uislamu haukatai uzuri wala ufundi. Imepokewa kwamba mpini wa upanga wa Mtume wetu (s.a.w.) ulikuwa na pambo la fedha. Lakini Mtume huyo huyo alikataza kumwelekezea ndugu yako silaha hata kwa mzaha, asije shetani akauvuta mkono. Alikataza kumpa mtu upanga ukiwa nje ya ala. Na mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale alimwamuru aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Yote hayo yamo katika Hadithi.

Basi tukitazama bastola hizi tumsifu fundi kwa mkono wake. Kisha tuulize: nani alilipa, nani alipewa, na nani alisimama mbele ya mtutu? Jina la wa mwisho halichongwi popote.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kwa nini Colt aliwapa zawadi watawala wawili waliokuwa wakipigana?
2. Je, kuna zawadi leo zinazotolewa kwa nia kama ile?
3. Mtoto akitaka bastola ya kuchezea siku ya Idi, tumjibu nini, na kwa hekima gani?

Mwenyezi Mungu azijaalie amani nchi zetu, na awalinde watoto wetu na shari ya silaha, zilizopambwa na zisizopambwa. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.